Jawabu Lisilo na Sharti: Ujana na Vitu katika Riwaya Mbili za Ulaya

Riwaya inayosimulia vijana wasio na shabaha, waishio katikati ya vitu vya kununua, aghalabu husomwa kwetu kama mawaidha. Msomaji huuliza funzo ni nini, naye hujibiwa kwamba vijana wamepotoka, maduka yamewapotosha, na mtungaji ametuonya. Jawabu hilo ni jepesi, na kwa wepesi wake hukifaa kila kitabu. Lakini jawabu linalokifaa kila kitabu halijaeleza kitabu chochote. Katika makala hii nataka kuonyesha kwamba riwaya mbili zilizo mashuhuri katika jambo hili hazina ugomvi na maduka. Ugomvi wao ni na aina ya maisha ambayo vitenzi vyake havikamiliki. Nataka kuonyesha pia kwamba Kiswahili, kwa jinsi vitenzi vyake vilivyoundwa, hutufunulia katika riwaya hizo jambo ambalo msomaji wa lugha zao za asili anaweza kulipita bila kulitambua.

Ya kwanza ni Les Choses, yaani "Vitu", iliyotungwa na Mfaransa Georges Perec (1936–1982). Ilitolewa Paris mwaka 1965, ikapata tuzo ya Renaudot mwaka huo huo. Wahusika wake ni wawili, Jérôme mwenye miaka 24 na Sylvie mwenye miaka 22. Wameacha masomo kabla ya kuyatimiza, nao hupata riziki kwa kuzunguka na kuwauliza watu maswali kwa niaba ya makampuni ya matangazo: kwa nini wanapenda sabuni hii na si ile, kwa nini wananunua mashine fulani. Wanaishi katika nyumba ndogo, wanasoma magazeti yanayowafundisha kutamani, na wanatamani. Hakuna mazungumzo baina yao. Hatusikii Jérôme akimwambia Sylvie neno. Kwa ufupi, hicho ndicho kitabu chote, nacho ni kizuri mno.

Ya pili ni Le perfezioni, jina ambalo tunaweza kulifasiri "Ukamilifu", ya Mwitaliano Vincenzo Latronico, aliyezaliwa mwaka 1984. Ilitolewa Italia mwaka 2022, na tafsiri yake ya Kiingereza iliyofanywa na Sophie Hughes ikafika katika orodha ya mwisho ya tuzo ya kimataifa ya Booker mwaka 2025. Hapa wahusika ni Anna na Tom, vijana waliohamia Berlin kutoka kusini mwa Ulaya, wafanyao kazi ya kubuni sura na michoro kwa kompyuta. Latronico hakuficha kwamba alimfuata Perec hatua kwa hatua: wawili kwa wawili, nyumba kwa nyumba, safari kwa safari. Kwa hiyo tunazo riwaya mbili zilizo kama kanzu mbili za kipimo kimoja, na baina yao miaka 57. Ni bahati kubwa kwa mhakiki, maana tofauti yoyote atakayoiona haikosi kuwa na maana.

Wasomaji wengi wa mwaka 1965 walikipokea kitabu cha Perec kama hukumu juu ya jamii ya wanunuzi. Perec mwenyewe alikataa kusomwa hivyo. Alieleza kwamba kati ya vitu vya zama zetu na furaha upo uhusiano wa kweli, na kwamba wale walioona laana katika kitabu chake hawakukielewa. Mtungaji hana lazima ya kuaminiwa katika kila asemalo juu ya kazi yake, lakini hapa ushahidi wa maandishi uko upande wake. Mtu anayechukia vitu haandiki juu ya ngozi ya kiti, uzito wa pazia na rangi ya mbao kwa upole kama ule. Kama hapana laana, basi pana nini? Tutazame vitenzi.

Mlango wa kwanza wa Les Choses unaeleza nyumba ambayo haipo. Jicho linapitishwa katika ukumbi, sebule, chumba cha kulala na chumba cha kuandikia, na kila kitu kinatajwa mahali pake. Vitenzi vyote viko katika ile hali ya Kifaransa ambayo kwa Kiswahili tungeitia -nge-. Natoa mfano wa sentensi zangu mwenyewe, zisizo za mtungaji, ili msomaji asikie mlio wake: Chumba kingekuwa na mwanga. Rafu zingejaa vitabu. Asubuhi ingeanza kwa kahawa, na barua zingefunguliwa bila haraka.

Mswahili anayesikia sentensi hizo hakosi kungoja. Katika lugha yetu kitenzi cha -nge- kina mwenzake. "Ningekuwa na mashua, ningevua." Sehemu ya kwanza ni sharti, ya pili ni jawabu la sharti. Aghalabu tunaweza kuliacha sharti lisitajwe kama limekwisha kueleweka katika maneno yaliyotangulia. Lakini mtu akifika barazani, akaketi, akaanza kusema "Rafu zingejaa vitabu," wenzake watamwuliza: lau ingekuwaje? Perec anaandika mlango mzima wa majawabu, kurasa kwa kurasa, na sharti halimo. Hiyo ndiyo picha kamili ya ujana anaotaka kutuonyesha. Tatizo la Jérôme na Sylvie si kwamba wanatamani. Wanadamu wote hutamani. Tatizo lao ni kwamba matamanio yao ni jawabu lisilo na sharti. Hawajui kusema ni jambo gani lingetangulia, wala ni tendo gani la kwao lingeifungua ile nyumba.

Hapa mtaalamu wa Kifaransa anaweza kunipinga, na pingamizi lake ni la haki. Atasema kwamba hali hiyo ya kitenzi cha Kifaransa huweza kusimama peke yake bila kuomba mwenzi. Watoto wa Kifaransa wagawanapo nafasi katika mchezo huitumia hivyo hivyo: wewe ungekuwa mfalme, mimi ningekuwa askari. Kwa hiyo Mfaransa akisoma mlango ule husikia mchezo na ndoto, wala hasikii upungufu. Nakubali. Lakini pingamizi hili linaitia nguvu hoja yangu. Lugha ya Perec inamruhusu kuficha upungufu ndani ya ndoto. Lugha yetu haimruhusu mfasiri kuuficha. Mfasiri wa Kiswahili atalazimika ama kulitia sharti ambalo mtungaji hakulitia, na hapo atakiharibu kitabu, ama kuziacha sentensi zikining'inia, na hapo msomaji atahisi katika sikio lake ule utupu ambao Mfaransa huujua mwishoni tu. Kwa maoni yangu njia ya pili ndiyo ya uaminifu.

Liko pingamizi jingine lililo karibu zaidi. Mtu atasema: sharti linajulikana, nalo ni fedha, lau wangekuwa matajiri, wangeipata ile nyumba. Kweli kitabu chenyewe kinasema mara moja kwamba walitaka utajiri. Lakini tazama mwenendo wao. Kazi ya kudumu yenye mshahara mzuri inaweza kupatikana, nao wanaikwepa kwa kuogopa kufungwa. Uhuru wao wa mchana wanauona bora kuliko mshahara, na umaskini wao wa jioni wanauona dhuluma. Mtu anayejua sharti lake hulitimiza, au hulilia kwa kuwa limemshinda. Hawa hawafanyi hili wala lile. Zaidi ya hayo, fedha zinapowafikia mwishoni, sentensi haikamiliki. Jambo hilo nitalirudia.

Baada ya mlango wa kwanza, sehemu kubwa ya kitabu iko katika ule wakati wa Kifaransa unaoeleza mambo yaliyokuwa yakitendeka mara kwa mara. Mfasiri wetu ana njia mbili. Anaweza kuandika "walikuwa wakinunua, walikuwa wakitazama madirisha ya maduka," au anaweza kutumia hu-, isiyofungwa na wakati. Uchaguzi huu si mdogo. Katika njia ya kwanza kiambishi wa- kinabaki mbele ya kitenzi, na kila mara kinamkumbusha msomaji kwamba watendao ni watu. Katika njia ya pili kiambishi cha mtenda kinaondoka. Vijana huja, magauni huja, miezi huja. Kitenzi ni kimoja, wala umbo lake halitenganishi mtu na kitu. Hu- ni kipengele cha ajabu katika sarufi yetu, kwa kuwa lugha inayodai upatanisho karibu katika kila neno hapa peke yake husamehe. Mfasiri mwenye busara angetumia wa- pale ambapo Jérôme na Sylvie bado wanachagua, na hu- pale ambapo uchaguzi umewatoka mikononi. Nadhani angeona, kurasa zikienda, wa- zikipungua na hu- zikiongezeka, na angepata katika Kiswahili kipimo cha jambo ambalo kwa Kifaransa linahisiwa bila kupimika.

Kiswahili kina pia -ka-, chombo cha msimuliaji: akaondoka, akafika, akakuta. Kwa -ka- tendo huzaa tendo. Katika sehemu ya kwanza ya Les Choses, -ka- haina kazi. Mambo yanarudiwa, hayafuatani. Marafiki wanakutana, wanakula, wanatazama sinema, wanaachana, wanakutana tena. Nje kuna vita vya Algeria, vilivyodumu tangu mwaka 1954 hata 1962. Vijana hawa wanavichukia, wanaandamana mara chache, kisha wanarudi katika maisha yao. Vita vile havikuzaa -ka- ndani yao.

Sehemu ya pili inafunguliwa kwa sentensi fupi sana, na kitenzi chake kiko katika wakati wa tendo lililokwisha kutendeka mara moja: walijaribu kukimbia. Msomaji anashtuka, maana hatimaye kuna kisa. Sylvie anapata kazi ya kufundisha mjini Sfax, Tunisia, mji ambao Perec mwenyewe aliishi miaka ya 1960 na 1961. Hapa mhubiri angetarajia wokovu: wametoka mbele ya maduka ya Paris, basi sasa watajipata. Perec hakuwapa wokovu huo. Katika Sfax hakuna vitu vya kutamani, na kwa kuwa hakuna vya kutamani hakuna chochote. Wanatembea mjini kama watu waliofunikwa kioo. Hawana chuki na wenyeji, wala hawana neno nao. Kitenzi kinarudi kuwa cha mazoea, -ka- inakufa ikiwa changa. Mtu anayeshikilia kwamba kitabu hiki kinalaumu maduka hana budi kueleza sura za Sfax, nami sijaona zikielezwa vema kwa njia hiyo. Vitu vilipoondolewa, ugonjwa haukuondoka.

Hatima inaandikwa katika wakati ujao: watarudi, watachoka, watakubali kazi ya kudumu mjini Bordeaux, watapata fedha, watasafiri kwa gari moshi na kuketi mezani katika behewa la chakula, na chakula kile hakitakuwa na ladha. Kutoka -nge- tumefika -ta-, wala katikati hapakuwa na uamuzi. Hilo ndilo jambo lililo la kutisha katika kitabu kisicho na kifo hata kimoja. Mswahili anajua kwamba -ta- ni kiambishi cha ahadi na cha nia. Mtu husema "nitakuja" naye hushikwa kwa neno lake. Hapa -ta- haina mtu wa kuahidi. Ni mvua itakayonyesha. Jawabu lilikuja bila sharti, na ndiyo sababu halikuwa na ladha.

Sasa tumtazame Latronico. Kitabu chake kimegawanywa katika sehemu nne, na majina ya sehemu hizo ni majina ya nyakati za kitenzi: wakati uliopo, wakati wa mazoea yaliyopita, wakati wa mbali, na wakati ujao. Kwa hiyo naye aliona kwamba nguvu ya Perec imo katika sarufi. Hilo jina la tatu, la wakati wa mbali, lina maana mbili katika Kiitaliano cha leo: ni wakati wa kitenzi wa masimulizi, na ni kazi ifanyiwayo mbali na ofisi. Mzaha huo mdogo una uchungu mwingi.

Tofauti kubwa iko mlangoni. Perec alifungua kwa -nge-; Latronico anafungua kwa wakati uliopo. Nyumba ya Anna na Tom ipo: mimea, sakafu ya mbao, taa, viti, kila kitu mahali pake. Lakini ipo katika picha, nazo picha zimepigwa ili nyumba ikodishwe kwa wageni wenyewe wakiwa hawapo. Katika miaka 57 tamaa imepata kile ilichokitaka, na kukipata kwake ni kukionyesha. Jérôme alitaka kukaa katika ile nyumba. Anna na Tom wanaitazama nyumba yao kwa jicho la mpangaji wasiyemjua. Hali ya -nge- imehamishwa kutoka kwao ikapewa mtazamaji: ndiye anayewaza kwamba angeishi vile.

Hilo ni wazo kubwa, na kwa ajili yake peke yake kitabu kinastahili kusomwa. Walakini naona kwamba Latronico amelipa gharama. Kwa kuwa tamaa imekwisha kushiba katika ukurasa wa kwanza, sentensi zake hazina ile njaa inayozisukuma sentensi za Perec, na mara nyingi msomaji huwatambua Anna na Tom kwa kuwa amekutana na watu wa namna yao, si kwa kuwa mtungaji amewafanya watambulike. Kumtambua mtu na kumjua ni mambo mawili. Sehemu iliyo imara zaidi ni ile ya mwaka 2015, wakimbizi wengi walipofika Ujerumani. Anna na Tom wanataka kusaidia kwa moyo safi, wanajaribu, na msaada wao haufiki mbali, kwa sababu ustadi walionao haukuwa ule uliohitajiwa. Kwa muda mfupi wanakutana na watu wenye sharti lililo wazi, yaani lau ningepata hati, lau ningewaleta watoto wangu, nao wanaona bila kusema kwamba hawana sharti la kwao. Kisha wanaondoka, kama wale wawili wa kwanza: Lisbon, Sicilia, na mwisho urithi wa nyumba ya shamba watakayoigeuza kuwa nyumba ya wageni. Wakati ni ujao, na kama ilivyokuwa kwa Perec, hakuna aliyeamua.

Mambo haya yanatuhusu nini sisi tunaosoma na kuhakiki kwa Kiswahili? Yanatuhusu kwa njia mbili. Kwanza, yanatukataza kulihesabu pigo la ujana usio na shabaha kuwa mtoto wa maduka. Perec mwenyewe aliazima sentensi kadhaa za Flaubert kutoka L'Éducation sentimentale ya mwaka 1869, ambayo kijana wake, Frédéric Moreau, alipoteza miaka yake bila msaada wa matangazo ya redio wala magazeti ya rangi. Nasi tunaye Kazimoto katika Kichwamaji ya Euphrase Kezilahabi, iliyotolewa mwaka 1974. Kazimoto ni msomi wa chuo kikuu. Vitu anavyo vichache, na si vitu vinavyomsumbua. Anauliza maisha yana maana gani, na kwa kukosa jawabu anajiua. Anajisimulia mwenyewe kwa nafsi ya kwanza, na hadithi yake ina nili- na nika- tele. Ana matendo mengi na hasara za kweli, ana baba, mke na kijiji. Tukimweka katika fungu moja na Jérôme kwa kuwa wote ni "vijana waliopotea," tumefuta tofauti iliyo na maana kuliko mfanano: mmoja ana swali lisilo na jawabu, mwingine ana jawabu lisilo na sharti. Hata Tumaini wa Dunia Uwanja wa Fujo (1975), anayefuja mali ya urithi, yuko mbali na Paris, maana kila shilingi yake inazaa kisa.

Pili, na hili ndilo lililonifanya niandike, maneno ya uhakiki hayabaki darasani. Siku hizi neno "vijana wasio na malengo" limekwisha toka vitabuni likaingia katika hotuba, na huelekezwa kwa kijana yeyote aliyemaliza masomo akaonekana ameketi kijiweni na simu mkononi. Mwenye kusema hivyo na amsikilize kijana huyo kwanza. Atamsikia akisema: ningepata kazi, ningepanga chumba, ningepata mtaji, ningefungua duka, ningekuwa na mahari, ningeoa. Hizo ni sentensi kamili. Sharti limetajwa, jawabu limetajwa, na baina yao mkato mmoja tu. Huenda sharti likawa gumu, huenda wakubwa wake wakawa wamelifungia mlango, lakini lipo na analijua. Hata simu anayoitamani ina mahali katika sentensi yake, kwa kuwa ndiyo inayomletea habari ya kibarua. Kumwita kijana huyo jina la ugonjwa wa Jérôme ni kosa la sarufi kabla ya kuwa kosa la huruma. Na kosa hilo lina faida kwa wanaolisema, maana asiye na sharti hana la kudai, ila mwenye sharti anaweza kuuliza ni nani aliyelizuia.

Kwa hiyo nawapendekezea walimu wenzangu wa fasihi zoezi moja. Kabla ya kumwuliza mwanafunzi funzo la riwaya ya ujana, wamwambie atafute vitenzi vya -nge-, atazame kama sharti limo au halimo. Kisha atafute -ka- za kwanza na za mwisho, aone ni tendo gani lililozaa na lipi lililokufa tasa. Wanafunzi wetu wanaijua sarufi hiyo tangu utotoni bila kufundishwa, na kwa hiyo wana chombo ambacho wahakiki wa Paris na Roma hawana. Perec na Latronico wafasiriwe basi, na wafasiriwe na mtu atakayevumilia kuziacha zile sentensi za kwanza ziking'inia. Msomaji atauliza, "Lau nini?" Mfasiri asimjibu, kwa kuwa kitabu hakikumjibu.